Upande wako wa bafle

Akili yangu imekataa. Leo asubuhi nimempigia Dido simu kumwuliza kama kwao umeme umerudi. Imeita, imeita, mpaka nikakumbuka kwamba jana tumemzika.

Mnaonifuata hapa mnamjua. Ni yule mrefu wa gitaa katika Radi ya Mangobo, kikundi chetu cha roki katika mji unaotaka rumba na kwaya tu. Mimi ndiye wa besi, yule mnayesema hacheki. Wiki iliyopita homa ilimshika, tukampeleka hospitali tukidhani ni malaria ya kila siku. Hakurudi.

Inbox yangu imejaa swali moja: Radi itaendelea? Nitajibu. Niacheni kwanza nimlilie mtu wangu.

Yote yalianza na video kwenye simu ya jirani. Wazungu wenye nywele ndefu wanapiga gitaa, na nyuma yao bafle, yale maboksi ya spika, zimepangwa mpaka juu kama ukuta wa kanisa. Dido wala hakusikiliza wimbo. Aliutazama ule ukuta mpaka simu ikaishiwa moto. "Vieux," akaniambia, kama tunavyoitana marafiki, "na sisi tutajenga."

Tukajenga. Mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, chandarua kilichopakwa rangi nyeusi kwa mbele, vitufe vya redio zilizokufa. Ukuta ukasimama, na ulitisha kweli. Spika zilikuwa ndani ya bafle moja tu, ile ya chini kushoto. Nyingine zote zilikuwa maboksi matupu.

Najua, nimetoa siri ya nyumba. Mnisamehe mlioapa kwamba sauti iliwapiga kifuani kutoka pande zote. Dido alikuwa akisema watu wanasikia kwa macho.

Lakini siku ya kwanza tunakwenda kupiga, mwendesha toleka alinyanyua bafle kwa mkono mmoja, akaifunga kwenye baiskeli huku anapiga mluzi. Watu wakacheka. Kesho yake nikakuta Dido amejaza mawe ndani ya kila bafle tupu, mawe ya kwao kwenye maporomoko, ambako baba yake anavua samaki.

"Bafle ya kubebwa na mutu moja haiko bafle," akasema. "Iko sanduku ya sabuni."

Kwa hiyo miaka yote hiyo tumebeba mawe, ndugu zangu. Kutoka mtaa wetu wa Mangobo mpaka Kabondo, mimi upande huu, yeye upande ule, akitembea kinyumenyume na kunikunjia uso ili nicheke niangushe. Huu mgongo wangu mbovu ni kazi ya mikono yake.

Tulipovuka mto kwenda Lubunga, pirogi ilididimia mpaka maji yakaanza kuchungulia ndani. Mwenye pirogi akashika kasia lake, akauliza, "Papa, iko nini ndani ya hii vitu?"

"Iko sauti," Dido akajibu.

"Sauti iko na kilo namna hii?"

"Ya kwetu, ndiyo."

Mimi nilikuwa nakumba maji kwa sufuria, sikucheka hata kidogo. Leo ndio nacheka, na sina wa kucheka naye.

Mpiga ngoma wetu alihamia Kinshasa. Mwimbaji akaenda Kampala kutafuta maisha. Nikamwambia Dido tupunguze bafle, mgongo hauna spea. Akakataa. Akasema tukipunguza, watu wataona kwamba tumebaki wawili.

Kwenye matanga yake, siku moja kabla ya mazishi, viti havikutosha, nikazileta bafle, watu wakakaa juu yake. Mvua ikatisha. Tonton wake, yaani baba yake mkubwa, ambaye ndiye kichwa cha familia, akaagiza zisogezwe chini ya turubai. Vijana wawili wakashindwa na moja. "Iko nini humu?" tonton akauliza. Nikafungua ubao wa nyuma mbele ya ukoo mzima.

Tonton akayatazama yale mawe, akanitazama na mimi, kama anatafuta ni nani kati yetu mwenye akili.

Ndipo mama yake Dido akainuka kwenye mkeka. Akatoa jiwe moja lenye masizi, akaligeuza mkononi. "Hii iko jiwe ya jiko yangu," akasema. "Nilitafutaka sana. Nilisemaka jirani ndiye alibeba." Akacheka, jiwe amelikumbatia, mpaka kicheko chenyewe kikawa kilio. Nililia naye.

Ni yeye aliyeamua. La jiko lirudi jikoni. Mengine yapangwe juu ya kaburi, maana mvua za hapa hazina huruma na udongo mpya. Tonton hakubisha. Jana tumeyapanga, mimi na wale vijana wawili.

Sasa jibu lenu. Leo nimezirudisha bafle kwangu. Mwendesha toleka ameishusha ya kwanza, akaniambia, "Papa, hii haina kitu." Ni kweli. Ukiacha ile yenye spika, kila moja naweza kuibeba peke yangu.

Nimeinama, nikashika upande wangu. Halafu nikasubiri. Nimesubiri kweli pale mlangoni, kama mjinga, mtu ashike upande wa pili.

Radi itaendelea siku atakapopatikana wa kushika upande ule. Leo hayupo, na sina moyo wa kumtafuta.

Dido, ndugu yangu, miaka yote umetembea kinyumenyume ili unitazame usoni. Sasa geuka, uende ukiona njia. Mzigo tumeshautua.

Lala, vieux. Lala salama.