Siku Niliyomshikia Shemeji Ngazi

Nianze na nyonga. Nyonga yangu ya kulia ilivunjwa na mume wa dada yangu, nasema hivyo mchana kweupe, kwa sababu watu wamezoea kusema "fundi alianguka". Sikuanguka mimi. Niliangushwa.

Nilikuwa juu ya ngazi naandika jina la duka hapa kijijini kwetu, njia ya kwenda Newala. Shemeji yuko chini, kaishika ngazi kwa mikono miwili. Mara akamwona mama yangu anakuja na ndoo kichwani. Mama yangu ni mkwe wake, na kwetu mwanamume humwogopa mkwe. Siku hizi vijana wanakaa na wakwe zao mkeka mmoja wanatazama tamthilia, lakini shemeji yangu alikuwa wa zamani hata kabla hajazeeka. Akimwona mama anaacha njia, anajificha mpaka apite. Basi akaiacha ngazi, akakimbilia nyuma ya mikorosho. Nikabaki juu na brashi mkononi, na brashi haimshiki mtu.

Mama ndiye aliyenikuta chini. Kwanza alishusha ndoo taratibu, kwa sababu maji ya huku juu yanatoka bondeni na hayamwagwi hovyo kwa ajili ya mtu mmoja. Ndipo akapiga yowe.

Nililazwa hospitali ya Ndanda. Shemeji alikuja kunitazama, lakini mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kwa hiyo alinisalimia kupitia dirishani. Alikuja tena juma lililofuata, dirishani. Wagonjwa wenzangu wakadhani ni mtu anayeuza kitu.

Nilipotoka na mguu mmoja unaotangulia na mwingine unaofikiria kwanza, nikakuta wamemchagua shemeji kuwa mwenyekiti wa kijiji. Mtu kashindwa kushika ngazi, wakampa kijiji ashike! Waliompigia kura nawajua kwa sura, na wengine nilikuwa nimewaandikia maduka yao.

Kazi nayo ikawa inaniacha. Ilikuja mashine mjini inayochapa bango zima, na picha, na kivuli cha herufi, kabla mtu hajamaliza chai. Aliyeibuni simjui. Ningemjua ningemtaja hapa. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano tu. Kilichobaki nilijifunza kwa kuandika "Karibu Wateja" mpaka mkono ukajua wenyewe.

Sasa siku moja ikaja pikipiki kutoka Masasi, imempakia dada mmoja wa mradi wa vijana. Akanisalimia vizuri, shikamoo yote kamili, akasema:

"Mzee wangu, tunatafuta mafundi wa kupokea vijana wa sanaa. Wakae na nyie miezi mitatu, wapate uzoefu wa kazi."

"Uzoefu wa nini? Wa kuanguka?"

"Wa kila kitu, mzee wangu."

Hivyo ndivyo nilivyoletewa binti mmoja wa Chiwata, umri miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha nne na matokeo ambayo yeye mwenyewe aliyaita "ya kufungia maandazi". Masharti ya mradi yalikuwa mepesi kueleza. Mwisho wa miezi mitatu achore ukuta mmoja wa umma, kazi nzima, na mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri kwenye fomu kwamba kaipokea. Akipata muhuri, anapewa nafasi kwenye karakana ya mradi kule Masasi, afundishe wenzake. Akikosa, anarudi Chiwata kwa mjomba wake, ambaye alikwishamwandalia kigoda cha kubangulia korosho. Mnaojua korosho mnajua. Mafuta yake yanababua vidole, na vidole vilivyobabuka havishiki brashi nyembamba tena. Binti alikuwa akivitazama vidole vyake mara kwa mara, kama mtu anayehesabu kuku kabla ya kufunga banda.

Nilimfundisha nilivyojua. Kuchanganya rangi kwa macho. Kubana pumzi kwenye mkunjo wa herufi. Kutochora mtu wa hewani: "Ukichora mtu, chora uliyemwona. Mtu wa hewani hana magoti, hata umchore vipi." Na kila siku wakati wa uji nilimsimulia habari ya ngazi. Mke wangu alikuwa akinyanyuka na kwenda kuchochea moto hata kama umewaka. Binti alisikiliza, na siku moja akaniuliza:

"Fundi, na kama angekuwa juu yeye?"

"Nani?"

"Mwenyekiti. Bibi akitokea naye yuko juu ya ngazi, angekimbilia wapi?"

Nikamwambia aache upuuzi, anywe uji.

Ukuta aliopewa ulikuwa wa ofisi ya kijiji, na habari ya kuchorwa ilikuwa matumizi ya vyoo. Kushoto akachora nyumba nzuri, choo kina mlango, ndoo ya kunawia, mama anacheka. Kulia akachora kilima, na juu ya kilima mkorosho, na nyuma ya mkorosho mwanamume amechuchumaa, mkono mmoja kashika tawi, uso umetulia kabisa kama wa mtu anayesikiliza mawaidha. Mimi nilikaa kivulini na nyonga yangu nikitazama. Nikasema moyoni, huyu mtu ana magoti!

Tatizo halikuwa magoti. Tatizo lilikuwa redio. Yule mtu wa ukutani alikuwa kaning'iniza redio nyekundu shingoni kwa kamba ya katani, na ariali yake ni waya wa breki ya baiskeli.

Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo ndio walioanza.

"Jamani, redio hii mbona naijua?"

"Hata mimi. Ilinipita asubuhi ikisoma habari."

"We! Nyamaza, inakuja."

Na kweli ilikuwa inakuja. Shemeji alitokea na redio yake shingoni, nyekundu, kamba ya katani, waya wa breki. Akasimama mbele ya ukuta. Angecheka, yangeisha. Angepita tu, tungebaki tunabishana mpaka leo. Lakini yeye akanyoosha kidole akapiga kelele:

"Huyu ni mimi!"

"Nani kasema, shemeji?" nikamuuliza.

"Si ni redio yangu hiyo!"

"Redio ziko nyingi."

"Zenye waya wa breki?"

Na redio ya shingoni kwake ikawa inatangaza hali ya hewa wakati wote huo, mvua za rasharasha nyanda za kusini.

Nikamvuta binti pembeni. "Ulimwona kweli?"

"Nilikuwa nakwenda kuteka maji," akasema. "Wewe si ulisema nisichore mtu wa hewani?"

Nilimbembeleza shemeji, mimi, mwenye nyonga. Nikamwambia binti ataigeuza ile redio iwe kibuyu, itachukua muda mfupi tu.

"Hata na kibuyu nitajijua," akasema. "Siku ya ukaguzi nakuja na chokaa. Namfuta mwenyewe kwa mkono wangu, na muhuri sigongi. Kamdhalilisha kiongozi."

Nikapeleka ujumbe Masasi. Dada wa mradi akajibu kwa huruma lakini akajibu vilevile: kazi ikifutwa nusu si kazi nzima, na fomu bila muhuri ni karatasi. Binti alisoma ule ujumbe kwenye simu yangu, akanirudishia, akaenda kuosha brashi ambazo alikwisha kuziosha. Hakulia. Aliniuliza tu kama bibi, yaani mama yangu, bado ana nguvu za kutembea mpaka ofisini. Nikasema anatembea, ila taratibu, na anataka mtu wa kumbebea kigoda. Sikufikiri zaidi. Darasa la tano hilo.

Siku ya ukaguzi kijiji kizima kilikuwa na shughuli ofisini. Wengine walikuja kuuliza habari za pembejeo ambazo hakuna aliyezitangaza. Dada wa mradi akafika na fomu yake kwenye bahasha. Shemeji akafika na ndoo ya chokaa, brashi kubwa, na redio. Akatazama juu. Mkorosho ulikuwa juu kilimani, na kilima kilikuwa juu ukutani. Akatazama huku na huku.

Ngazi ya kijiji hiki ni moja, na ni yangu.

"Shemeji," akaniambia, hanitazami, "nishikie."

Watu wote wakanigeukia mimi, halafu nyonga yangu, halafu mimi. Nikaishika ngazi. Akapanda. Nilimtafuta binti kwa macho, simwoni. Nikajua amejificha jikoni kwangu hataki kuona, na moyo ukaniuma, maana mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na hilo sikuwa nimemwambia.

Shemeji akachovya brashi. Akainyanyua. Hapo nikasikia fimbo, to, to, to, kwenye udongo mgumu wa njiani.

Binti alikuwa anakuja na kigoda kichwani. Nyuma yake mama yangu.

Shemeji aliitambua ile fimbo kabla ya wote. Ameikimbia miaka mingi. Akatazama chini kutafuta pa kwenda. Chini nilikuwapo mimi. Kulia hewa, kushoto hewa. Akaugeukia ukuta, akaweka uso wake karibu kabisa na uso wa yule aliyechuchumaa, pua kwa pua, redio kwa redio.

"Shikamoo mama," akauambia ukuta.

"Marahaba," mama akajibu, akafika mpaka kwenye miguu ya ngazi. "Mwanangu hajambo?"

"Hajambo mama."

"Watoto?"

"Wazima mama."

"Na yule aliyekuwa na jipu?"

"Limepasuka mama."

Ngazi ikaanza kutetemeka. Mama akainua mkono juu ya macho, akautazama ukuta mzima, nyumba, choo, ndoo, kilima.

"Na huyo asiye na haya nyuma ya mkorosho ni nani?"

Watu wote wakasogea karibu. Hata wa pembejeo.

"Mwenyekiti," nikasema mimi, na nakiri nilisema kwa sauti tamu, "mama anauliza."

"Ni... ni mtu tu, mama."

"Simjui?"

"Humjui. Wa mbali huyo. Wa Nanganga."

Mwanamke mmoja alikaa chini kwa kicheko, ndoo na yote.

"Ana redio kama yako," mama akasema.

"Wanazo nyingi Nanganga, mama."

"Na wewe unamfanya nini huko juu?"

"Namtazama, mama. Namkagua."

"Na chokaa?"

Aliitazama brashi kana kwamba imeota mkononi mwake. Chokaa ilikuwa inadondoka taratibu juu ya kofia yangu. "Nilitaka... kuupaka mkorosho shina, usiliwe na wadudu."

"Usiguse," mama akasema. "Mtu wa watu katengenezwa vizuri hivyo. Ukimfuta, watu watasema ni ndugu yetu." Kisha akamwambia binti, "Weka kigoda hapa, mjukuu wangu. Nataka kumtazama vizuri huyu wa Nanganga."

Akakaa. Pale pale, chini ya ngazi.

Binti hakupoteza muda. Aliichukua fomu kwa dada wa mradi, akaifunga kwenye mpini wa brashi yangu ndefu, akaipandisha juu. Shemeji alishika kamba ya redio kwa meno isimsumbue, akautoa muhuri mfukoni ndani ya leso, akaupulizia kwa mdomo, "haa", akaiweka fomu juu ya tumbo la yule aliyechuchumaa, akagonga. Ilishuka ikiwa na muhuri na dole gumba la chokaa. Dada wa mradi akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, halafu akageuka kutazama barabara kwa muda mrefu, mabega yanamcheza.

Sasa mimi. Niliondoa mkono mmoja kwenye ngazi, nasema kweli yote. Nyonga ilikuwa inauma, mama alikuwa pale pale, na ilikuwa zamu yangu. Nilibaki na mkono mmoja kwa muda wa kujikuna. Kisha nikaurudisha, kwa sababu binti alikuwa amekuja kusimama upande wa pili na kuishika ngazi naye, kwa mikono miwili, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa na rangi. Ningeonekana vipi mbele ya mwanafunzi?

Mama hakuondoka mpaka adhuhuri. Shemeji hakushuka mpaka alipoondoka. Tulisikiliza pamoja taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na kipindi kizima cha ufugaji wa nyuki, yeye juu na mimi chini. Aliposhuka magoti yalimgoma, ikabidi achuchumae kidogo, akashika ngazi kwa mkono mmoja. Watu wakatazama ukutani, wakamtazama, wakaenda zao kimyakimya. Heshima ya kiongozi.

Binti yuko Masasi. Anafundisha. Mke wangu alipita huko majuzi akamkuta mbele ya darasa na ngazi imeegemezwa ukutani, anawaambia vijana somo la kwanza ni kushika ngazi, na kwamba yeye alifundishwa na fundi mmoja wa njia ya Newala, bingwa, ambaye siku moja alianguka.

Alianguka!

Nimeshampigia simu.