Tezi ya Kaa na Uongo wa Bibi

Usiku ule nililala nimenuna. Rehema, binti yangu anayesoma chuoni, alikuwa ameniomba kaa mmoja kutoka kizimba changu cha kufugia, anayekaribia kujivua gamba, ampasue. Alitaka tezi, kitu kidogo kama punje ya mtama karibu na jicho, ati ndiyo inayotoa homoni ya kumvua gamba, azitazame seli zake kwa hadubini. Asubuhi anarudi chuoni, na bila tezi hiyo kazi yake ya mwisho imekwama. Nikamwambia mimi sikumaliza darasa la tatu, lakini nyumba hii anayolala imejengwa na kaa, na kaa hujivua gamba mwezi ukiwa mpevu. Ndivyo alivyonifundisha Bibi. Akaniuliza mbona basi wale wanne walijivua mwezi haupo, wakaliwa na wenzao wangali laini. Nikamfukuza akalale.

Basi, namwona Bibi. Alikufa zamani, lakini amekuja na tope la mikokoni hadi magotini, mkononi ana ile fimbo yake ya ndoano ya kutolea kaa mashimoni. Namfuata, nami ni mtoto tena. Mara tope linakuwa sakafu, tumo katika chumba cheupe cha chuo. Bibi anainamia hadubini bila kumwomba mtu ruhusa. Anachungulia, anacheka mpaka kanga inamdondoka begani.

Ananisukuma nami nitazame. Naziona seli zimebanana kama masega ya nyuki, kila moja na kiini chake kikubwa katikati, nyingine zimevimba kama zinangoja kutumwa. Namuuliza, na mwezi je?

"Mwezi nilikwambia ili unyamaze," anasema. "Ulikuwa unauliza mno, na mimi sijui."

Naudhika. Kijiji kizima nimekihubiria mwezi huo! Bibi hana habari, anafuta tope kwenye shuka langu.

"Huyo binti anauliza kama wewe. Mimi sikuwa na jibu la kukupa. Wewe unaye kaa."

Nikazinduka nacheka peke yangu kama mwehu. Kumekucha. Nikaenda kizimbani, nikamtoa jike mkubwa kuliko wote waliokaribia kujivua, nikamfunga magando, nikamtia ndooni. Rehema alikuwa anafunga begi. Nikamwekea ndoo miguuni.

"Chukua. Ukishaziona hizo seli uje unieleze," nikamwambia. "Na kama hujui, sema hujui."