Tumbo la Aleer Halikuingia

Ukitaka kugombana na Magdaline, mwambie kazi yake ni kujaza fomu tu. Hapo ndipo utajua kwamba mtu mfupi ana sauti. Huyu ni mama wa Kitale, Mbukusu halisi, na mwaka huu ni wa sita ameketi kwenye chumba cha bili cha kliniki moja ya Nyakuron, mjini Juba, akigeuza magonjwa ya watu kuwa namba. Daktari anaandika kwa mwandiko ule wao wa kuku kuparura, Magdaline anausoma, anaguna, anaandika namba ya kipimo kwenye fomu, na kampuni ya bima ikiiona namba, inalipa. Namba ikikosewa, fomu inarudi.

Katika vipimo vyote, eksrei ya tumbo ndiyo aliyoionea fahari. Mgonjwa akilala chali tu akapigwa, hiyo ni pozi moja, na namba yake inaishia na kumi na nane. Akilala, kisha akasimama, hizo ni pozi mbili: kumi na tisa. Zikiwa tatu au zaidi, ishirini na moja. Alizijua namba hizo kama majina ya shangazi zake, na hakuna aliyewahi kumkuta akifungua kitabu.

Mpiga eksrei alikuwa Lukudu, mtu wa kabila la Bari, wa hapahapa Juba, aliyekaa ukimbizini Uganda miaka kumi na minane, akarudi na cheti cha kazi na Kiswahili cha huko. Hao wawili walitaniana asubuhi mpaka jioni. Kwa kuwa Magdaline hawezi kuufikia ubao wa taa wa kutazamia filamu bila kupanda kigoda, Lukudu alimbandika jina la Nusu Filamu.

"Nusu Filamu, wewe mimi nikikupiga, kichwa mpaka kidole ya mguu inaingia yote, na nafasi inabaki!"

"Nyamaza huko. Mfupi hagongi kichwa mlangoni."

Basi Jumanne moja akatua Dancan, mkaguzi wa kampuni ya bima, kutoka Nairobi, kafunga tai kwenye joto lile la Juba, masikini. Daktari Florence, mwenye kliniki, akawaita Magdaline na Lukudu ofisini kwake. Dancan akaweka mezani fomu kumi na saba.

"Daktari, watu kumi na saba, wote mmewadai pozi mbili za tumbo. Nimesoma ripoti zao. Zote zinasema mgonjwa alilala tu, hakuna aliyesimama. Kwa hivyo, ama mnatuuzia picha hewa, ama huyu jamaa anapiga watu mara mbili ndio bili inone. Na ile miale si maji ya kuoga, eti umwagie mtu tu."

Daktari Florence ni mpole, lakini nusu ya wagonjwa wake wanaletwa na bima hiyo. Akamgeukia Lukudu. "Lukudu, sema."

Lukudu akazichukua fomu, akazipitia moja moja pole pole. Akamtupia Magdaline jicho, kisha akainamisha uso. "Mimi napiga vile daktari naandika. Ingine mimi hapana sema."

"Hilo si jibu."

"Ndiyo iko hiyo, Daktari."

Daktari Florence akavua miwani. Akasema atasubiri hadi saa tisa alasiri. Saa tisa ikifika bila maelezo, Lukudu atapewa barua ya kufukuzwa, maana hawezi kumweka mtu anayechoma wagonjwa miale kwa tamaa.

Magdaline alitoka pale anatokota kwa hasira. Hasira na nani? Na Lukudu mwenyewe! Mdomo ule unaosema kutwa, siku ya kuhitajika unakufa ganzi? Akaamua atamtetea kwa nguvu, atake asitake. Akaenda kabatini, akatoa bahasha ya jina la kwanza kwenye orodha. Aleer, dereva wa kliniki, yule anayewafuata wagonjwa hadi Nesitu huko nje ya mji, na ambaye mwezi wa tatu tumbo lilimkaba akapigwa eksrei. Ndani mlikuwa na filamu mbili. Magdaline akapanda kigoda, akazibandika kwenye taa.

Ya kwanza ilianzia mbavuni ikaishia kitovuni. Ya pili ilianzia kitovuni ikaishia nyongani. Akaishusha ile ya kwanza kidogo, uti wa mgongo ukashikana na uti wa mgongo, pingili kwa pingili, na Aleer akatokea pale mzima, kalala chali. Filamu mbili, lakini kalala mara moja tu.

"Mayi wee!" Magdaline akashika kichwa.

Mnajua Aleer ana urefu gani? Akisimama nje ya dirisha la bili, unaona vifungo vya shati, uso huuoni. Tumbo lake haliingii kwenye filamu moja, basi Lukudu akapiga juu, akapiga chini, kama inavyotakiwa. Akafungua bahasha ya Chan: hivyo hivyo. Ya Amou: hivyo hivyo. Wote kumi na saba ni warefu wa kuinama mlangoni. Kule Kitale alikojifunzia kazi, filamu moja ndiyo pozi moja, kwa hiyo yeye alizoea kuhesabu filamu kwenye bahasha kama mtu anavyohesabu mayai. Mbili? Kumi na tisa, haya, mwingine! Kitale nani ana tumbo la kumwagika nje ya filamu? Kosa lilikuwa lake, tangu la kwanza hadi la kumi na saba.

Ilikuwa saa nane na nusu. Sitaficha: Magdaline aliogopa. Kibali chake cha kukaa Juba kimefungwa kwenye kazi hiyo. Akifukuzwa, ni mabegi na barabara ya Nimule kuelekea mpakani, arudi Kitale kwa wifi zake aliowatambia miaka sita kwamba bila yeye kliniki haisimami. Filamu zilikuwa mkononi, na bahasha ilikuwa wazi. Angezirudisha tu, nani angejua? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mzigo huu ulikuwa wake mwenyewe, na aliyetwikwa ni Lukudu. Akashuka kigodani, akatoka uani kumwita Aleer.

"Huyu ni nani?" Dancan aliuliza walipoingia ofisini.

"Ni jina la kwanza kwenye orodha yako. Aleer, baba, lala hapo kitandani."

Aleer akalala kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, miguu ikaning'inia nje kuanzia magotini. Magdaline akamwekea tumboni kaseti tupu, lile bamba la kuwekea filamu. "Haya, bwana mkaguzi. Lifunike tumbo lote."

Dancan akaivuta kaseti juu, nyonga zikabaki nje. Akaivuta chini, mbavu zikabaki nje. Akaigeuza ubavu. Daktari Florence akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakimtikisika.

"Kalas, tumemaliza?" Aleer akauliza, macho kwenye dari. "Ama mnanipima jeneza?"

Hapo hata Dancan alicheka, akalegeza tai. "Sawa. Mpiga picha hana kosa. Basi aliyeandika kumi na tisa ni nani?"

"Ni mimi," Magdaline akasema. "Zote. Nilihesabu filamu badala ya pozi."

Dancan akazivuta fomu karibu. Akasema hata Nairobi hakuna aliyefikiria mtu kuizidi filamu, na kwamba yeye ataandika ni kosa, si wizi, mradi fomu zote zirekebishwe leo leo.

"Utazirekebisha kwa mkono wako," Daktari Florence akamwambia Magdaline. "Na tangu leo kitabu kikae mezani, si kabatini."

Lukudu alikuwa kwenye chumba chake cha eksrei, ameshatia kikombe na redio yake kwenye mfuko wa nailoni.

"Rudisha kikombe," Magdaline akamwambia. Akamweleza yote, kisha akamfokea. "Na wewe kwa nini ulinyamaza? Si ungesema tu ni watu warefu?"

"Mimi niliona fomu. Mwandiko iko yako. Nikisema hivyo, wanauliza nani aliandika namba."

"Kwa hiyo?"

"Mimi nikifukuzwa, leo nalala kwangu. Wewe ukifukuzwa, wanakuonyesha mpaka." Lukudu akatoa kikombe mfukoni, akakiweka mahali pake. "Hiyo mpaka mimi walinionyesha nikiwa mtoto. Mimi hapana weza kupatia rafiki."

Magdaline alilia. Mama mzima, na sauti yake yote, alilia pale mlangoni.

"Malesh, pole, Nusu Filamu. Usilie kwa kaseti, inaharibika."

Magdaline akacheka na machozi yake, akavuta kigoda, akaketi na fomu zake kumi na saba mapajani na kalamu mkononi. Lukudu akazichukua bahasha, akawa anasoma.

"Aleer. Mtu moja, pozi moja."

"Kumi na nane."

"Chan. Mtu moja, pozi moja."

"Kumi na nane," akasema Magdaline, akaandika.