Matuta ya Magarini

Nilipopata kazi ya afisa wa kilimo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msichana wa mjini niliyelelewa mtaa wa Barani, Malindi, niliyejua muhogo kwa kuununua sokoni. Wakanipeleka Magarini. Ukame wa katikati ya miaka ya themanini ulikuwa umekwisha juzijuzi, na amri ilikuwa imetoka kwa nchi nzima: kila mteremko uchimbwe matuta ya kukinga maji, kila nyumba ipande miti. Wakati ule nilikuwa sijawahi kusikia mtu akitamka neno tabianchi. Tulisema tu mvua zimeasi. Zikikosekana, zinakosekana mwaka mzima. Zikija, zinakuja na hasira na kuondoka na shamba.

Mkubwa wangu wa kazi, Mkamba mpole aliyehamishiwa pwani, alinikabidhi wakulima kumi. Wa kwanza alikuwa mjane wa Kigiriama aliyelima mahindi na muhogo kwenye mteremko unaoelekea mto Sabaki. Nilimwamkia shikamoo, nikamwita hawe, kama Wagiriama wamwitavyo bibi, na hilo lilimpendeza. Habari ya matuta haikumpendeza.

"Mwanangu," aliniuliza, "mto ule washuka mwekundu, sivyo?"

"Ndiyo, hawe."

"Udongo wake watoka wapi?"

"Mwingi watoka bara."

"Na bahari ya Mambrui mpaka Malindi imekuwa rangi ya chai. Sasa mimi nikichimba hapa, kwa jembe langu hili moja, bahari itasafika?"

Nilikuwa na jibu la darasani, nikalitoa lote, la rutuba na la mizizi na la wajibu wa kila mwananchi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri," akasema. "Bahari itasafika?"

"Haitasafika, hawe."

Akaokota kanga yake iliyokuwa imeanguka kutoka begani. "Sasa umesema kweli. Njoo kesho tuanze."

Tulichimba wiki mbili, yeye, majirani wanne wa kike na mimi. Kazi yangu ilikuwa kupima ili tuta lifuate usawa wa ardhi. Kipimo kilikuwa fito tatu zilizofungwa mfano wa herufi A, jiwe likining'inia kwa uzi. Jiwe likitulia katikati, basi miguu yote miwili iko sawa. Siku ya mwisho upepo ulivuma, jiwe likawa linacheza tu, nami nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi Malindi. Tuta la juu kabisa nikalikisia.

Masika yalipofika, lile la kukisia ndilo lililopasuka. Maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma yake yaliteremka kwa pamoja, yakabeba muhogo wa hawe na kufukia kitalu cha jirani. Bila matuta yangu hasara isingefika hapo. Nilisimama katika tope nikatamani ningeajiriwa posta.

"Kosa ni la nani?" hawe akauliza. "Lako au la mvua?"

"Langu, hawe. Sikupima. Nilikisia."

Jirani alikuwa amesimama pale, akaguna kwa uchungu. Hawe hakunitetea, wala hakunifukuza. Alinipa jembe. Nilifukua kitalu cha jirani siku mbili, viganja vikatoka malengelenge, kisha tukalirudia lile tuta tangu mwanzo, safari hii nikisubiri jiwe litulie hata kama ni kwa robo saa.

Baadaye mwaka ule mkubwa wangu alitupeleka Ukambani, sisi wafanyakazi wachache, tukaone wenzetu wanavyofanya kazi. Nilishangaa. Vilima vizima vilikuwa vimekatwa ngazi kwa ngazi, na wanawake walikuwa wakichimba huku wakiimba. Mmoja wao, mtu mzima aliyefunga kitambaa kichwani, alisikia natoka Malindi akatua sururu yake.

"Tunaambiwa udongo wetu unaenda kwenu, baharini," alisema. "Na nyinyi huko chini mnafanya nini? Ama ni sisi tu tunavunjika mgongo?"

"Kuna bibi mmoja Magarini anachimba."

Alicheka. "Mmoja!"

"Mmoja ninayemjua vizuri."

"Basi mwambie na mimi niko."

Niliporudi nilimfikishia hawe salamu ile. Alikuwa akipalilia, akaacha.

"Kumbe na wao wauliza swali langu," alisema. "Yuko na nani wa kumsaidia?"

"Mabinti wawili."

"Afadhali yeye," akasema, akainama tena. Lakini jioni ile, nikiagana naye, aliniuliza kama kilima cha yule mama ni kikali kuliko chake. Nilipomwambia ni kikali mara mbili, alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayesikia habari za ndugu aliyeolewa mbali.

Si wakulima wangu wote kumi walioendelea. Wanne waliacha matuta yao yakajaa na kusawazika, nami sikuwalaumu; njaa haingoji. Bahari haikusafika. Kisha nikahamishiwa Kilifi, nikaolewa, nikazaa.

Siku hizi nikisikia redioni watu wakibishana kama kuna faida nchi ndogo kama yetu kujisumbua na mabadiliko ya tabianchi, ilhali wakubwa wa dunia wanafanya watakavyo, sina hoja kali ya kuwajibu. Najua tu kwamba nilipochimba nilikuwa nimeshakubali kuwa kazi ile haitatosha, na nilichimba vizuri zaidi baada ya kukubali.

Miaka kadhaa baada ya hawe kufariki, nilipita Magarini kwa shughuli ya harusi, nikakata shauri kupanda ule mteremko. Mwanamke kijana nisiyemjua alikuwa akivuna mahindi, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeshainua mguu niruke mfereji wa lile tuta la juu aliponipigia kelele.

"Dada! Pita huku pembeni, tafadhali. Hapo ni tuta, halikanyagwi."

Nikamwomba radhi, nikazunguka.