Kura Niliyomnyima Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni mbunge. Siku hizi watu wa Kariakoo wananisalimia kwa ajili yake, nami naitikia kama niliyemsaidia tangu mwanzo. Sikumsaidia.

Mara ya kwanza aligombea udiwani, nami nilikuwa mjumbe wa kura za maoni za chama. Mama yetu alikuwa amepooza, yuko nyumbani Magomeni, na mdogo wangu ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza. Mimi, mwenye duka la nyuzi na vifungo, nilikwenda kila Ijumaa na mkate. Nikawaza: huyu akiwa diwani, mama atabaki na nani? Jibu nililijua. Nikampa kura mpinzani wake.

Akashindwa. Jioni ileile alikuja kwangu Mchafukoge na sufuria ya pilau aliyoipika kwa ajili ya ushindi.

"Kaka, tule. Mchele hauna habari ya uchaguzi."

Nilikula macho yakiwa kwenye sahani.

Alipogombea ubunge, mama alikwishafariki. Alinikuta dukani, mteja mmoja anachagua vifungo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimeleta fomu. Natafuta wadhamini, na wewe nataka uwe wa kwanza."

Nilishika kalamu, nikaiweka. Nikamwambia yote, habari za kura na za mama, huku yule mteja akisikiliza bila aibu.

Mdogo wangu alicheka mpaka akaishika meza. "Mbona najua! Wewe pilau unaongeza mara mbili. Siku ile hukuongeza hata kijiko."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Mama akasema, 'Mwache, atasema mwenyewe.'"

Kumbe mama naye alijua. Hilo linaniuma hadi leo.

"Sasa jina langu la nini?"

"Kura ulipiga kwa siri. Fomu hii itabandikwa ukutani, wote wakusome."

Mteja akadakia: "Mzee, tia sahihi basi, mie nina haraka na vifungo vyangu!"

Nikatia, na jina nikaliandika kwa herufi kubwa. Kampeni nzima nilibeba viti na goti langu bovu, pale Mnazi Mmoja na kwingineko.

Aliporudi kutoka Dodoma kuapishwa, alipika pilau. Niliongeza mara mbili, yeye akiitazama sahani yangu.

"Bado ya siku ile," akasema, akanipakulia tena.