Kidole Gumba cha Shangazi

Cheti changu cha sheria ya ardhi kimo ndani ya bahasha ile ile iliyokuja nacho, chini ya kitanda. Wenzangu wametundika vyao ofisini. Mimi nikiulizwa husema bado natafuta fremu, na huo ni uongo.

Nilikuwa wakili wa miaka kadhaa nilipojiandikisha kusoma shahada ya uzamili. Ndani ya shahada ile mtu aliweza kukazania fani moja na kupata cheti maalumu. Nikachagua ardhi, kwa ajili ya shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa ameishi mtaa wa Junda zaidi ya miaka thelathini, katika nyumba ya udongo na mabati aliyoijenga kwa pesa za kuponda kokoto, juu ya kiwanja ambacho mwenye nacho hakuwahi kuonekana. Siku moja akaonekana, na barua mkononi: shangazi ahame baada ya miezi mitatu.

Sheria ilikuwa upande wa shangazi. Aliyekaa juu ya ardhi waziwazi kwa miaka kumi na miwili bila kufukuzwa anaweza kuidai mahakamani. Ila kilitakiwa kiapo, yaani maelezo yake mwenyewe ya maandishi, yenye alama ya kidole chake, iliyotiwa mbele ya kamishna wa viapo. Majirani wote walikuwa wamehamia majuzi. Aliyepakumbuka pale palipokuwa vichaka ni yeye peke yake.

Kwa mteja wa kawaida ningekiandika mchana mmoja. Lakini zoezi kuu la cheti lilikuwa kuandika kiapo cha kesi ya kweli, na mimi tangu shule ya msingi nina ugonjwa wa kutaka kuwa wa kwanza. Shangazi akakubali niitumie kesi yake. Mhadhiri alirudisha rasimu ya kwanza imejaa wino mwekundu: aya hii ni maneno ya kusikia, ile haina tarehe. Nikaandika upya. Akairudisha tena.

Kila Jumamosi nilikwenda kumuuliza jambo jingine dogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ni leo twatia dole?"

"Bado. Nakinyoosha kiapo kwanza."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Kilichomtia hofu ni kidole chenyewe. Kokoto zilikuwa zimekila hadi kikabaki bila mistari. Mashine ya kitambulisho ilikikataa mara tatu. Basi kila Ijumaa jioni alikipaka mafuta ya nazi na kukifunga kitambaa, ili Jumamosi kitoe alama. Nilimcheka. Nilimwambia kidole si andazi. Naye alicheka, na Ijumaa iliyofuata akapaka tena.

Wiki ya kumi tangu barua ile, chini ya rasimu ya tatu, mhadhiri aliandika: "Kazi safi kabisa. Peleka kikaapishwe." Nikampigia shangazi simu, nikamwambia Jumamosi hii ndiyo yenyewe. Alipiga kigelegele hadi nikaondoa simu sikioni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimefika Mishomoroni, njiani kumchukua shangazi twende kwa kamishna, kiapo na kikopo cha wino mkobani, jirani yake aliponipigia. Shangazi alikuwa amelala na hakuamka.

Niliwakuta akina mama wa kanisani wakiimba uani. Binamu yangu akanivuta kando.

"Karatasi unazo?"

"Ninazo."

"Na kidole si kipo?"

Ningependa kusema kwamba nilimkaripia. Sikumkaripia. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani kando ya shangazi, nikatoa kikopo cha wino na kukifungua. Adhabu ya kughushi kiapo naijua vizuri, niliijibia mtihani. Siyo iliyonizuia.

Niliushika mkono wake. Dole gumba lilikuwa bado limefungwa kitambaa. Nikakifungua. Kidole kilikuwa laini, kinanukia nazi, kimetayarishwa kwa ajili yangu kama Ijumaa zote nilizomwambia bado. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikakifunga kitambaa kama alivyokifunga yeye, nikalia hadi wakanigongea mlango.

Nyumba ilibomolewa kabla ya cheti kutoka. Katika zoezi lile la kiapo, nilikuwa wa kwanza.