Walioondoka Kabla ya Kujibiwa

Saa mbili asubuhi, jua la Januari bado limelala nyuma ya milima, na Solfrid Aakvik anasoma mistari. Kushoto kwake kuna kikombe cha kahawa, kulia soksi aliyoifuma nusu. Katikati, kwenye kompyuta, kumbukumbu za seva zinateremka polepole kama theluji ya dirishani. Kila aliyefungua tovuti ya boti za halmashauri tangu jana ameacha mstari wake: saa aliyopiga hodi, mlango alioutaka, muda aliosubirishwa.

"Wengine wanasoma magazeti," anasema bila kugeuka. "Mimi nasoma hawa."

Kazi yake ni kutafuta kurasa zinazokawia. Anaipanga mistari, iliyokawia zaidi juu, kisha anauliza kwa nini. Wastani hataki hata kuusikia.

"Watu tisa wamejibiwa kufumba na kufumbua, wa kumi kasubiri mpaka kahawa imepoa. Wastani utakwambia wote wazima. Mwongo mkubwa yule!"

Wakati mwingine anasahau kuuliza, anabaki kuota tu. Kuna mtu, hajui ni nani, ambaye kila asubuhi huangalia boti ya kwenda mjini na hajawahi kusafiri. Solfrid amekwisha kumpa dirisha, paka na mchumba wa zamani huko mjini. "Mwacheni aangalie," anasema, na kucheka peke yake.

Ana miaka arobaini na sita. Ujana wake ulipita kwenye kiwanda cha samaki hapa hapa pwani ya kaskazini ya Norwe, akipakia chewa, mpaka viganja vikakataa. Kompyuta alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni. Mshahara wa halmashauri si wa kutajirisha mtu, lakini, anasema, mikono haimuumi tena.

Moyo ndio ulimuuma, vuli iliyopita.

Teistholmen ni kisiwa kidogo chenye nyumba chache na kondoo wengi. Boti husimama pale ikiwa tu mtu ameiita kupitia tovuti. Tangu mwisho wa kiangazi wito ulikuwa umekauka, na halmashauri ikataka kukifuta kituo hicho majira ya baridi. Mkuu wa usafiri, Eilert Myrvang, alimuuliza Solfrid kama labda tovuti inakawia. Solfrid akachuja mistari yake, akaona kila kitu kinakwenda mbio, akaandika: hakuna ucheleweshaji. Maneno hayo yakaingia kwenye pendekezo la kufuta kituo.

Siku mbili kabla ya kikao cha baraza la halmashauri, akamkuta Oddlaug dukani mbele ya friji la nyama. Oddlaug ni mzee wa miaka sabini na minane, mkazi wa Teistholmen, na koti lake lilikuwa linachuruzika maji.

"Umekujaje, na boti haikusimama kwenu leo?"

"Na kamashua ka Peder, jirani yangu. Tumelowa kidogo."

"Novemba hii? Na mawimbi haya? Si ungeita boti!"

"Aa, binti yangu, kompyuta yangu imezeeka kama mimi. Naibonyeza, inazunguka. Naenda kuwapa kondoo majani, nikirudi bado inazunguka. Nikaifunga."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuwa tunachimba viazi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimsumbue nani? Kila mtu ana kazi zake."

Ndivyo walivyo watu wa visiwa hivi, jamani. Kulowa si kitu, kusumbua mtu ndiyo aibu. Kila nyumba Teistholmen ilidhani kompyuta mbovu ni yake peke yake, na hakuna aliyemuuliza jirani.

Solfrid aliyaacha maziwa yake juu ya friji, akarudi ofisini karibu anakimbia. Mtu akifunga ukurasa kabla ya kujibiwa, seva huandika alama ya pekee: mgeni ameondoka. Kwa miaka, chujio la Solfrid lilikuwa linaitupa mistari hiyo pamoja na takataka nyingine za mtandao.

"Nilikuwa napima subira ya waliojibiwa tu," anasema. "Waliochoka kungoja niliwafagia nje."

Alilitoboa chujio. Wakaja. Mstari juu ya mstari, asubuhi, mchana, jioni, wote kwenye mlango mmoja, Teistholmen. Ngojangoja huumiza matumbo, na hawa walikuwa wameumia miezi kimya kimya. Solfrid aliweka kichwa mezani akalia.

Chanzo kilikuwa boya. Kabla ya kufunguka, ukurasa wa kisiwa hicho ulikuwa unaliuliza boya la kupimia mawimbi kama bahari imetulia. Boya lilikwisha kutolewa majini Agosti, likawekwa bohari. Ukurasa haukuambiwa. Ukaendelea kuliuliza, na kungoja bila mwisho jibu la kitu kilicholala gizani chini ya turubai.

Kuurekebisha haikuwa kazi. Sasa ukurasa ukiuliza usipojibiwa upesi, unafunguka hivyo hivyo. Kazi ilikuwa kwa Eilert.

"Ile sentensi yangu ifute."

"Solfrid! Karatasi zimeshachapwa, kikao ni kesho!"

"Chapa nyingine. Si kweli nilichoandika."

"Utaaibika mbele ya baraza zima, wewe."

"Afadhali niaibike mimi kuliko Oddlaug azame."

Eilert alitafuna mkate wake wa jibini ya kahawia mpaka ukaisha. "Una kichwa kigumu kama samaki mkavu," alisema, akachukua koti akaenda kwa mchapaji. Kesho yake alisimama kando ya Solfrid alipokuwa akilisomea baraza masahihisho yake.

Baraza lilitoa muda hadi Pasaka. Wito ukirudi, kituo kitabaki.

Haukurudi. Desemba nzima mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyebisha. Nani arudi kupiga hodi alikopuuzwa? Mwishowe Solfrid alishika simu, akapigia kisiwa nyumba kwa nyumba. "Jaribuni tena," aliwaambia. "Nawaombeni, nisumbueni."

Asubuhi hii bado anateremsha mistari. Ghafla kidole kinasimama. Teistholmen. Amejibiwa, chini ya sekunde moja. Chini yake mwingine, Teistholmen, amejibiwa.

"Karibuni," ananong'ona.

Simu inalia. Ni Oddlaug.

"Binti yangu, samahani kukusumbua. Imefunguka kabla sijavaa miwani! Nimeita boti ya Jumamosi."

"Unakwenda wapi?"

"Mimi? Siendi popote. Nimeiita ikushushe wewe hapa. Kuna chapati za maziwa na jamu."

Solfrid anafuta macho kwa ile soksi. Akishakata simu, anaeleza anachotamani: kwamba Pasaka ikifika boti iwe bado inasimama, na kwamba kila asubuhi, juu kabisa ya mistari yake, wawe wale walioondoka. Ameshawapanga hivyo. Ila Jumamosi hatasoma mtu, atakuwa kisiwani.